Bakuli Tumboni mwa Tembo

Tumboni mwa tembo kuna birika la maji, na juu ya maji hayo linaelea bakuli lenye tundu dogo chini yake. Maji yanapenya taratibu. Baada ya nusu saa bakuli limejaa, linazama, na katika kuzama linavuta uzi. Uzi unaachia gololi kutoka kwenye kibanda kilicho mgongoni mwa tembo. Gololi inaviringika, inamgeuza ndege aliye kileleni, inatokea mdomoni mwa kipanga na kuangukia kinywani mwa joka. Joka linaelemewa, linainama mpaka chini na kuitema gololi ndani ya chombo, na kule kuinama kwake kunaliinua bakuli, likamwaga maji yake na kurudi kuelea. Papo hapo mwendesha tembo anamgonga mnyama wake kichwani na upatu unalia. Joka, likiwa sasa jepesi, linajirudi juu lenyewe. Kazi inaanza upya, na itaendelea hivyo hadi gololi ziishe.

Mtambo huo ni saa, nayo imo katika kitabu cha Ismail al-Jazari, fundi wa watawala wa Kiartuqi huko Diyarbakir, aliyekikamilisha mwaka 1206. Ameeleza mitambo 50: saa, pampu za kuinua maji, vyombo vya kunawishia mikono, mashua yenye wanamuziki wa bandia wanaotumbuiza wageni. Wengi huvutiwa na michoro, na kweli inapendeza. Mimi huvutiwa na maelezo. Al-Jazari hasemi “kisha tembo analia” akapita zake. Anasema kipande gani kimeunganishwa na kipi, kwa kitu gani, na kisipokaa sawa ufanye nini. Waliomtangulia anawaheshimu, lakini chemchemi za Banu Musa wa Baghdad anazikosoa waziwazi, kama fundi anayekosoa kazi ya fundi mwenzake. Kwake muujiza haukamiliki mpaka ujue maji yanaingilia wapi.

Nimekisoma kitabu hicho, katika tafsiri ya Kiingereza ya Donald Hill, hapa Doha, na tangu hapo nimekuwa msumbufu kwa waandishi wa riwaya za kifantasia. Kila anayeniletea meli inayopaa au jini anayejenga kasri kwa usiku mmoja, namuuliza bakuli liko wapi.

Doha ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo, maana vitabu havina taabu kupatikana. Maktaba ya Taifa ya Qatar ilifungua milango kwa wasomaji mwaka 2017, na mkazi yeyote mwenye kitambulisho cha nchi hujiandikisha bure. Ina vitabu zaidi ya milioni moja, na ina kituo chake cha treni kwenye njia ya kijani ya metro. Nauli ni riyali 2, na kwa anayeishi kwa mshahara wa ulinzi au wa udereva hiyo si habari ndogo. Msanifu wake, Rem Koolhaas, aliziinua rafu kutoka sakafuni kwa marumaru ileile ya sakafu, zikapanda pande zote kama vilima, na ndani ya rafu hizo akaficha taa, njia za hewa na mfumo wa kurudishia vitabu. Katikati amechimba shimo la mita 6 akaweka humo hazina ya vitabu vya kale na ramani. Ukisimama ukingoni ukachungulia unaona mabarobaro wenye kompyuta juu na maandishi ya mkono ya karne zilizopita chini.

Nikiwa humo na riwaya ya majini mkononi, jamaa mmoja kutoka Kisumu, dereva wa basi, aliinamisha kichwa akasoma jalada. “Kaka, mtu mzima mwenye watoto, majini ya nini tena?” Nilimjibu kwa mzaha wakati ule. Jibu lenyewe ni refu zaidi.

Mwandishi wa riwaya ya kawaida anapompandisha mhusika wake daladala la Kariakoo, halipi chochote. Msomaji analijua daladala, anamjua kondakta, anajua harufu na msongamano, basi mwandishi anakopa vyote hivyo bure. Wa fantasia hana pa kukopa. Akitaka daladala lake liruke, inabidi alijenge mbele ya macho yetu, na alijenge bila kutuchosha. Akieleza kila parafujo, tunasinzia. Asipoeleza kitu, tunaacha kuamini. Ustadi wote uko katika kuchagua ni kipande gani cha ndani atuonyeshe ili tuviamini na vingine vyote ambavyo hatukuviona. Kwa hiyo naiona kazi hii kuwa ya mahesabu makali kuliko riwaya nyingi zinazojiita za uhalisi, na anayeidharau hajawahi kujaribu kuandika hata ukurasa mmoja.

Ndani ya fantasia, tawi la stimpanki ndilo linaloyaweka mahesabu hayo hadharani. Jina alilitoa Mmarekani K. W. Jeter mwaka 1987, nusu kwa utani, kwa riwaya alizokuwa akiandika yeye na wenzake, zilizojaa teknolojia ya karne ya 19 iliyokwenda mbali kuliko ilivyokwenda kweli. Mwaka 1990 William Gibson na Bruce Sterling wakatoa riwaya ambamo mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage, ambayo kiuhalisi haikukamilika, inafanya kazi, na London inapata kompyuta za magurudumu na mvuke. Baada ya hapo mlango ukafunguka, na wakaingia wengi ambao, niseme tu, wangebaki nje. Miwani ya shaba, kofia ndefu, puto angani, chai mezani. Kila kitu kinang’aa. Unasoma kurasa 400 za mvuke na hukutani na mtu hata mmoja mwenye vumbi la makaa mikononi. Mpira wa magurudumu umetoka wapi? Pembe za kinanda je? Sukari ya ile chai?

Katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu, lile la I. M. Pei lililo kwenye kisiwa chake kando ya Corniche, kuna astrolabu za shaba zilizochongwa kwa ustadi wa kutisha. Chombo hicho kina sahani za kubadilisha, kila moja imechorwa kwa latitudo yake. Ukitoka Baghdad ukaenda Yemen, unatoa sahani moja unatia nyingine, la sivyo nyota zitakudanganya. Stimpanki ilikaa muda mrefu na sahani moja tu, ya London. Waandishi ninaowapenda ni wale waliochonga sahani nyingine.

P. Djèlí Clark ni mmoja wao. Ni mwanahistoria kwa taaluma, na inaonekana. Ameiweka hadithi yake Cairo ya mwaka 1912, miaka zaidi ya 40 baada ya msufi wa Kisudani kuutoboa ukuta kati ya dunia yetu na ile ya pili. Majini wamerudi, wamejenga, wamebuni mitambo, Waingereza wamefukuzwa, na Misri imekuwa dola kubwa. Kwa ufupisho huu ungedhani ni ndoto ya kujifurahisha tu. Lakini tazama alichofanya katika riwaya fupi ya mwaka 2019 kuhusu behewa la tramu namba 015. Tramu za Cairo zinapita angani kwenye nyaya, na zina ubongo wa magurudumu yenye meno unaoziongoza zenyewe. Behewa moja limeingiwa na pepo. Wizara inayoshughulikia mambo ya majini inawatuma maafisa wawili, Hamed mzoefu na Onsi mgeni kazini.

Hapo mwandishi wa kawaida angewapa upanga. Clark anawapa bajeti. Njia ya uhakika ya kumtoa pepo ni ghali, ofisi ya tramu haitaki kulipa, wizara nayo haitaki kubeba gharama, na maafisa wawili wanabaki kutafuta njia ya bei nafuu. Ndipo wanapofika kwa shekha wa zaar. Nilicheka peke yangu ndani ya metro mpaka mama mmoja wa Kifilipino akausogeza mfuko wake mbali nami. Maana nani katika pwani yetu asiyelijua hilo? Asiyejua zaar anajua kibuki au kitimiri cha Unguja. Pepo ana kiti wake, ana ngoma yake, na ana madai yake: kitambaa cha rangi fulani, manukato, sahani fulani ya chakula. Pepo wa kibuki hudai brandi. Hakuna pepo anayeshuka bure, na fundi wa ngoma atakuhesabia gharama kabla hajagusa ngoma. Clark ameelewa kwamba muujiza wenye risiti unaaminika kuliko muujiza mtupu. Na nyuma ya shughuli hiyo yote, siku zilezile, wanawake wa Cairo wanapigania haki ya kupiga kura, na hadithi inawapitisha barabarani bila kuwageuza pambo. Riwaya yake ndefu iliyofuata, ya mwaka 2021, ilipata tuzo ya Nebula. Ni nzuri. Ile ya tramu ni bora, kwa sababu haina nafasi ya kupoteza.

Nisi Shawl ameibeba hesabu nzito zaidi. Ameeleza mwenyewe kwamba kilichomkera katika stimpanki ni jinsi ilivyoufumbia macho ukoloni, basi akaamua kuipeleka mahali ambapo macho hayafumbiki: Kongo ya Leopold wa Pili. Everfair ilitoka mwaka 2016. Ndani yake Wasoshalisti wa Kiingereza na Wamarekani weusi wanainunua sehemu ya ardhi kutoka kwa Leopold na kujaribu kuanzisha nchi huru, bila kuwauliza sana wenyeji, akiwemo mfalme Mwenda, kama wanataka kuanzishiwa.

Msomaji wa Kiswahili ana kiti chake katika habari hii, atake asitake. Dola Huru ya Kongo ilidumu kutoka 1885 hadi 1908. Mwaka 1887 Leopold alimteua Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa gavana wa Stanley Falls. Na Tippu Tip huyohuyo ametuachia maisha yake kwa Kiswahili. Mwaka 1888 John Dunlop alitengeneza tairi la upepo la baiskeli, na Ulaya ikapatwa na njaa ya mpira. Mpira ulikuwa porini Kongo. Askari waliopewa risasi walitakiwa kuthibitisha kwamba hawakuzipoteza kwa kuwinda, na uthibitisho ulikuwa mkono wa mtu. Risasi moja, mkono mmoja. Ulipokosekana mkono wa maiti, ulikatwa wa aliye hai.

Sasa fikiria unaandika stimpanki, fani inayopenda viungo vya bandia vya shaba kama mapambo. Shawl amelichukua pambo hilo akalirudisha lilipotoka. Fwendi, msichana wa Kikongo aliyekatwa mkono, anatengenezewa mkono wa mitambo. Aliyeutengeneza ni Tink, fundi Mchina kutoka Macao. Mikono hiyo inaboreshwa kadiri miaka inavyokwenda, inapata vifaa ndani, inapata silaha. Fundi anapima, anarekebisha, anauliza pale panapouma. Kila gurudumu dogo katika mkono ule lina sababu ya kuwepo, na sababu hiyo imeandikwa katika historia halisi. Hata mitumbwi ya angani ya Everfair haipai kwa neno la mwandishi tu. Inapata joto kutoka kwa madini yaliyo chini ya ulinzi wa makuhani wa nchi ile, na msomaji anayejua kwamba urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga, atashusha kitabu kidogo.

Kitabu hicho kina kasoro. Wahusika ni wengi mno, sura zinaruka miaka, na kuna watu ninaowapenda ambao wanatoweka kurasa 100 kisha wanarudi wamezeeka. Nimemsikia mtu akisema ni riwaya tatu zilizobanwa ndani ya jalada moja, na sikuwa na la kumpinga. Lakini mkono ule unanitosha.

Nilipokimaliza kitabu hicho nilikwenda mtaa wa Msheireb, hapa Doha, kwenye nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho ya utumwa katika Bahari ya Hindi yaliyofunguliwa mwaka 2015. Watu wetu wamo mle: waliochukuliwa Afrika Mashariki wakaletwa Ghuba, na wengi wao wakaingizwa kwenye kuzamia lulu. Qatar ilipiga marufuku utumwa mwaka 1952. Uzamiaji wenyewe ulikuwa mtambo kamili, ila sehemu zake zilikuwa watu. Mzamiaji amebana pua kwa kibanio, jiwe mguuni linamshusha, kamba inamuunganisha na mvutaji aliye juu, mwimbaji anashika mwendo wa kazi, nahodha anashika daftari la madeni. Mvutaji lazima ausikie mtikisiko wa kamba na kuvuta mara moja, kwa sababu pumzi ya mwenzake ndiyo saa pekee iliyopo. Nikimsoma mtunzi wa stimpanki ya Ghuba, ningependa nione kamba hiyo kabla sijaona puto lolote.

Wapo walioanza. Riwaya ya G. Willow Wilson ya mwaka 2012, iliyopata tuzo ya World Fantasy mwaka uliofuata, iko katika mji wa Ghuba usiotajwa jina. Shujaa wake ni kijana mdukuzi, nusu Mwarabu nusu Mhindi, anayeishi mtaa wa wahamiaji, na majini anaokutana nao wanamshughulisha kidogo kuliko polisi. Naye Shannon Chakraborty, mwaka 2023, ametuletea Amina al-Sirafi, nahodha mwanamke wa karne ya 12, mstaafu wa uharamia, mama wa mtoto mmoja, goti linamuuma. Kukusanya mabaharia wake wa zamani inabidi apite hadi Mogadishu. Bahari imejaa madude, na goti bado linauma. Sijapata kumwamini shujaa wa fantasia kama ninavyoliamini goti lile.

Na Mombasa je? Khadija Abdalla Bajaber, mtoto wa mji huo, alitoa The House of Rust mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikawa ya kwanza kupata tuzo iliyoanzishwa kwa jina la Ursula K. Le Guin. Aisha, binti wa Kihadhrami, anaingia baharini ndani ya chombo cha mifupa kumtafuta baba yake mvuvi, na mwenzake safarini ni paka msomi. Imeandikwa kwa Kiingereza, ila Kiingereza hicho kimevaa kikoi. Kuna kunguru wanaosengenya kama wazee wa barazani, na aliyekaa Mji wa Kale anajua kwamba hapo mwandishi hakubuni kitu.

Wanaosema fantasia ni mzigo wa kigeni kwetu wamemsahau Shaaban Robert. Adili na Nduguze ya mwaka 1952, iliyosukwa upya kutoka ngano ya Alfu Lela Ulela, ina mji wa watu waliogeuka mawe, ina jini Huria, ina ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Lakini kinachoiendesha ni kiboko. Kila usiku Adili lazima awachape nduguze, akikosa ataadhibiwa yeye. Anawachapa kwa machozi, kisha anawalisha kwa mkono wake. Ikibali, aliyekuja kwa kazi ya kodi ya mfalme Rai, anayaona hayo usiku, na kutoka hapo hadithi nzima inafunguka. Uchawi wa kitabu kile una zamu ya usiku, kama kazi yoyote ya malindo. Shaaban Robert alilijua bakuli.

Kinachonishangaza ni kwamba stimpanki ya Kiswahili bado sijaishika mkononi, na malighafi imelala wazi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mikarafuu ya Unguja na merikebu za Sultani. Sultani huyo, Barghash, akaagiza Uskochi meli mpya ya mvuke, Glasgow, iliyokamilika mwaka 1878. Akanunua meli nyingine za biashara, akaleta maji ya Chemchem mjini kwa mabomba, na mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib kwa nguzo za chuma, jumba ambalo lifti yake husimuliwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Vyote hivyo vililipiwa kwa karafuu na pembe, na karafuu zilichumwa na watumwa, maana soko lilifungwa mwaka 1873 lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja hadi 1897.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili, manowari za Kiingereza zilianza kuipiga ikulu ya Sultani, Unguja. Glasgow, ambayo kwa miaka ilikuwa imetia nanga tu bandarini, ilijibu mapigo ikazamishwa. Mabaharia wake waliokolewa kwa mashua za adui.

Mwandishi akitaka meli hiyo ipae badala ya kuzama, ruksa. Aniambie tu makaa yalipakiwa wapi, na yule kijana aliye chini kwenye tanuri, anayekoleza moto bila kuiona bahari, ni mtoto wa nani, na mshahara wake wa mwisho alilipwa lini.